Jua kama Ishara: Kutoka Roma ya Kale hadi Lugha Zetu

Wako wanaodai kwamba Ukristo ulilitwaa jua la wapagani ukalibatiza tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo linachanganya mambo mawili yapasayo kutenganishwa, yaani umbo la ishara na maana yake.

Tuanze na Roma, ambako ushahidi ni mwingi. Mwaka 274 Kaisari Aurelian aliliwekea wakfu hekalu Sol Invictus, yaani Jua Lisiloshindwa. Mwaka 321 Constantine aliamuru mahakimu na wakazi wa miji wapumzike katika siku ya jua. Nayo kalenda ya mwaka 354 inaitaja tarehe 25 Desemba mara mbili: mahali pamoja kuwa siku ya kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, na mahali pengine kuwa siku ya kuzaliwa Kristo. Chini ya kanisa la Mtakatifu Petro, Vatican, imo picha ya mozaiki ya mtu aliyepanda gari la farasi, kichwa chake kimezungukwa na miali. Wataalamu wengi wanamtambua kuwa ni Kristo.

Hata hivyo, maumbo yakifanana, maana hazilazimiki kufanana. Kwa Aurelian, jua lilikuwa mungu na mlinzi wa dola. Kwa Mkristo, jua ni kiumbe kilichofanywa sitiari, na sitiari hiyo ilikuwamo tayari katika kitabu cha Malaki. Kwamba mpaka baina ya mawili hayo ulikuwa mwembamba twajua kwa Papa Leo wa Kwanza, ambaye katika karne ya tano aliwakemea waumini waliogeuka penye ngazi za kanisa hilo na kuliinamia jua. Alichokihofu Leo ni sitiari kurejea kuwa kitu chenyewe.

Hapa ndipo suala hili linapotuhusu sisi wanalugha. Katika Kichaga, neno Ruwa hutaja jua na humtaja Mungu pia. Miongoni mwa Wakalenjin, Asis ni hivyo hivyo. Wamisionari wa Kilutheri wa Kilimanjaro walikubali kulitumia jina Ruwa, wakiuachia muktadha kazi ya kupambanua. Kiswahili hakina utata huo: jua ni jua, na Jumapili ni siku ya pili tu baada ya Ijumaa. Kiingereza na Kijerumani, kwa upande wao, zingali zikilitaja jua katika jina la siku hiyo, wala hapana amdhaniaye Mwingereza aendaye kanisani kuwa anaabudu jua.

Basi, kwa nini tumdhanie hivyo Mchaga wa kale kwa ushahidi wa neno moja? Kamusi iandikayo "jua, Mungu" pasipo mifano ya matumizi humwachia msomaji hukumu isiyo na msingi. Yatupasa kukusanya sala, viapo na methali, tuchunguze lipi husemwa juu ya jua na lipi huambiwa Mungu. Asili ya ishara yaweza kuwa moja. Maana yake hupatikana katika matumizi.