Chupa ndogo, nguvu kubwa
Ndugu aliyetoka Ubelgiji alituletea Chimay ya bulu, pombe nyeusi ya watawa wa Scourmont, wanaotengeneza pombe tangu 1862. Tuliimimina polepole: rangi ya kahawia nzito, povu jingi. Tulinusa, kisha tukaonja: matunda makavu, sukari iliyoungua, uchungu kidogo mwishoni. Ni nzuri kweli!

Lakini etiketi inasema asilimia 9; Primus ina karibu 5. Kwa hiyo chupa hiyo ya santilita 33 inakaribia Primus kubwa nzima, na utamu wake unaficha nguvu. Tuligawana moja watu wanne, tukiwa tumeshakula. Mwenye mimba na anayenyonyesha walikunywa maji. Wamama, tusidanganywe na udogo wa chupa.