Mwavita, ulizaliwa vita ipi?

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Ziwa Tanganyika, ilipiganwa kwa majina ya kike. Meli ya Wajerumani iliyokuwa ikitamba kutoka Kigoma iliitwa Hedwig von Wissmann, jina la mke wa Hermann von Wissmann, aliyepata kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo za injini, wakazikokota nchi kavu kupitia Afrika Kusini na Kongo mpaka ziwani. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, ambayo ndiyo watoto wa Kifaransa wanayowaitia paka na mbwa wale wale, na safari hii yakapita. Desemba 26, 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, manowari nyingine ya Wajerumani, ikabatizwa Fifi. Februari 9, 1916 Mimi na Fifi zikaizamisha Hedwig.

Sasa lichukue jina Hedwig ulifungue. Lina maneno mawili ya Kijerumani cha kale, na yote mawili yanahusu mapigano. Yule mama, kwa tafsiri ya haraka, aliitwa Vita-Vita. Angezaliwa Ujiji wangemwita Mwavita, na hakuna ambaye angeshangaa.

Akina Mwavita wamejaa ufukwe huu, upande wetu na ng'ambo ya pili, Uvira, Baraka na Kalemie. Vitabu vya majina ya watoto vitakwambia kwamba Mwavita ni msichana aliyezaliwa wakati wa vita, kisha vinafunga mjadala. Mtu wa Kigoma anauanzia hapo: vita ipi? Mwavita mwenye miaka sitini hivi, hasa mwenye asili ya ng'ambo, atakujibu "ya Mulele", akimaanisha maasi ya Simba ya mwaka 1964 mashariki mwa Kongo, yale yaliyomfanya Che Guevara apite hapa Kigoma Aprili 1965 kuvuka ziwa. Mwenye umri wa kuwa na watoto wawili watatu atakutajia ile ya Kongo ya 1996, iliyojaza watu kwenye mitumbwi na kuanzisha kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Na bibi za bibi zao walikuwa na yao: mwaka 1892 hadi 1894 Rumaliza, tajiri mkubwa wa Ujiji, alipigana na majeshi ya Wabelgiji ng'ambo ya ziwa. Jina ni moja, tarehe ni tofauti, na kila tarehe ina njia yake ya kufika Ujiji.

Hilo ndilo ninalolipenda katika majina ya kike ya huku kwetu. Hayakutungwa kuwa mapambo. Yaliandika kilichotokea nyumbani siku ile, katika nyumba ambazo hazikuwa na kalamu. Wanaume nao wana majina ya namna hiyo, akina Shida na Mashaka, lakini mtoto wa kiume mara nyingi alirithishwa jina la babu. Wa kike aliachiwa nafasi ya kubeba habari.

Mvua ilinyesha? Mwamvua. Wasukuma, ambao wamekuwa wakishuka na treni hapa tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, watakwambia huyo kwao ni Kabula. Mjaluo atasema Akoth. Ijumaa, Mwajuma, Alhamisi, Mwanahamisi, Sikukuu, Mwanaidi. Hiyo mwa- ya mwanzo ni kifupi cha mwana, neno ambalo kwa Waswahili wa pwani lilikuwa pia cheo cha bibi wa heshima. Ndiyo maana mshairi wa Pate aliyemtungia binti yake utenzi maarufu mwaka 1858 anaitwa Mwana Kupona. Na kupona, ukifikiri vizuri, nalo ni tukio.

Cheo hicho hicho kimo ndani ya jina la mwimbaji Mwasiti Almasi, mtoto wa Kigoma, aliyesikika mwaka 2012 kwenye wimbo wa Leka Dutigite pamoja na vijana wenzake wa mkoa huu. Siti ni bibi, mwanamke wa kuheshimiwa. Anayelijua jina hilo atamkumbuka Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Huyo hakuzaliwa Siti. Wazazi wake walimwita Mtumwa, na Siti akaja kulipata ukubwani, sauti yake ilipowashinda waliokuwa wakimdharau. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akiwa bibi mbele ya kila mtu.

Ujiji inaielewa habari hiyo kuliko miji mingi. Huu ulikuwa mwisho wa barabara ya misafara kutoka Bagamoyo, na Wamanyema walioujaza mji walivuka ziwa kwa hali tofauti: wengine wachukuzi, wengine wafanyabiashara, wengine mateka. Waliovuka bila hiari waliacha majina mengi majini. Walipotulia hapa na kusilimu wakawa akina Asha, Zuhura, Maimuna na Hadija, majina yasiyomwambia jirani ulifikaje. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922. Majina yalikwishaanza kazi hiyo zamani. Kwa hiyo anayesema kwamba majina ya Kiarabu yaliua asili ya watu wa Ujiji ana sehemu ya haki, lakini asisahau kwamba mtu aliyeitwa Mtumwa hakuwa na hamu kubwa ya kuitunza asili hiyo.

Halima mmoja alikuwepo Ujiji mwaka 1871, siku Stanley alipomkuta Livingstone. Alikuwa mpishi wa Livingstone. Jina lake maana yake ni mpole, mvumilivu, tena ni jina la yule mama aliyemnyonyesha Mtume. Stanley anavyosimulia, siku ile jikoni hapakuwa na upole wowote: mpishi alikuwa amechanganyikiwa kwa ujio wa mgeni, na ulimi wake haukupumzika. Baadaye alipata kutoroka baada ya kugombana na Ntaoeka, mke wa mtumishi mwenzake Chuma, kisha akarudi, na Livingstone akamsamehe. Halima na Ntaoeka walikuwa pia kwenye msafara uliobeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo, Februari 1874. Wanafunzi wetu wanawajua Susi na Chuma. Sijui kwa nini wale wanawake wasitajwe darasani, wakati majina yao yako kwenye maandishi yale yale.

Hayo majina ya Kiarabu tunayoyaona ya kifalme nayo yalianzia jikoni na chumbani. Khadija, Hadija kwetu, linatokana na neno la mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Fatuma linatokana na kumwachisha mtoto ziwa. Aisha, Asha wetu, ni aliye hai, na katika nyumba iliyozika watoto hilo si neno dogo. Bibi wa Kigoma na bibi wa Makka wangekaa mkeka mmoja wakaelewana.

Panda sasa milimani, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, kwa Waha. Huko jina ni hesabu ya uzazi. Pacha wa kwanza ni Bukuru, na anayewafuata pacha ni Kiza. Wageni kutoka Dar es Salaam wakisikia Kiza wanafikiri mtoto kaitwa giza, na nimewahi kusikia mwalimu akimshauri msichana alibadilishe jina kabla ya mtihani wa taifa. Jina halina giza hata kidogo. Linatokana na mzizi wa uzuri katika Kiha na Kirundi, ule ule unaosikika katika Keza, jina la kike la Warundi. Baada ya misukosuko ya pacha, miiko yake na ngoma zake, huyu amekuja peke yake, mzima, wa kawaida. Ni mzuri.

Kwa Waha na Warundi hesabu inaendelea: Nyandwi wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Anayeona huo ni ushamba aende Roma ya kale. Dada yake Kaisari Augusto aliitwa Octavia, jina lililotoka kwenye neno la nane. Tena wanawake wa Kirumi hawakupewa hata jina lao wenyewe. Walibeba jina la ukoo, na dada wakitofautishwa kwa namba. Bora Minani wa Kasulu, ambaye namba yake inamhesabia mama yake safari za leba.

Jambo jingine la milimani: majina mengi hayachagui jinsia. Nzeyimana, namtumaini Mungu. Habonimana, Mungu ndiye aonaye. Mvulana anaitwa, msichana anaitwa. Hizo ni sentensi nzima, na sentensi haina suruali wala gauni.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakasambaza kwenye ufukwe na milimani majina ya watakatifu. Hapa nacheka kidogo. Wazazi waliambiwa waache majina ya mambo ya dunia, wakapewa ya mbinguni, na ya mbinguni yakawa haya: Gertruda, nguvu ya mkuki, Matilda, nguvu ya vita, Luiza, mashuhuri vitani. Akina Mwavita wa Kizungu, wamekaa kwenye benchi la mbele na rozari mkononi. Ya Kiebrania na Kiaramu yana wanyama: Raheli ni kondoo jike, Tabitha ni paa, kama Matendo ya Mitume yenyewe yanavyoeleza. Debora ni nyuki, na Debora wa Kibondo, kwenye nchi ya mizinga na asali, amebeba jina linalomfaa kuliko alivyodhani katekista.

Ng'ambo ya ziwa mambo yaligeuzwa kwa amri. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo Zaire nzima, na akina Espérance na Joséphine wakatakiwa kutafuta ya asili. Utawala wake ulipoanza kulegea majina hayo yalirudi mitaani kana kwamba hayakuondoka. Ndiyo maana wakimbizi waliotufikia miaka ya tisini walikuwa na familia ambamo dada mkubwa ni Nyota na mdogo ni Clémentine. Unaweza kusoma siasa ya Kongo kwa kufuata watoto wa mama mmoja.

Na kwa kuwa nimemtaja Joséphine: Fifi ni kifupi chake cha mapenzi kwa Wafaransa. Miaka mingi baada ya ile manowari, jina hilo lilirudi ziwani humu kwa njia nyingine. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na badala ya kuwapa sokwe namba, kama wasomi wenzake walivyotaka, aliwapa majina, watoto wakianza na herufi ya mama yao. Binti wa Flo akawa Fifi. Sokwe wa Gombe wanafuata ukoo wa mama kwenye majina. Sisi tulio jirani zao bado tunamwandika mtoto jina la baba.

Lakini nje ya fomu, kwetu ni kinyume cha sokwe hao: mtoto ndiye anayempa mama jina. Fungua daftari la kikoba cha wauza dagaa pale Kibirizi. Mama Bukuru, elfu tano. Mama Rehema, amelipa. Mama Glory, anadaiwa. Wanawake wanaogeuza dagaa juani kila siku pamoja wanaweza kukaa miaka bila kujuana majina waliyopewa siku walipozaliwa. Mpaka msiba utokee na tangazo lisomwe msikitini au kanisani, ndipo watu wanaulizana: kumbe alikuwa Mwamvua?

Glory yule ndiye wa zama hizi. Kaa kwenye foleni ya kliniki ya watoto Ujiji au Mwanga, msikilize muuguzi akiita kadi: Glory, Precious, Happiness, Nasra, Ilham, halafu labda Kiza mmoja, mama yake akiinuka haraka kama mtu aliyeshikwa. Sina ugomvi na Happiness. Ni Furaha aliyepanda ndege. Ugomvi wangu ni kwamba jina linachaguliwa kwenye simu, kwenye orodha ndefu yenye maana tamu tamu, na maana hiyo haimhusu mtoto huyu wala siku yake. Ukimwuliza mama kwa nini Precious, atakwambia ni zuri. Ukimwuliza bibi kwa nini Mwavita, toa kiti ukae.

Wanaosema jina la shida humletea mtoto shida nawasikia, na sitaki mtu amwite bintiye Mateso kwa ajili ya makala hii. Lakini Siwema, Tunu, Nyota, Zuhura, Keza, Riziki, Mwamini, haya yana kosa gani?

Kwa hiyo, wewe uliye na mimba au mjukuu njiani, kabla hujajaza fomu ya RITA ya kumsajili mtoto, mpigie bibi simu. Muulize majina ya mama yake na ya dada zake, kila moja na siku yake, uyaandike kwenye daftari. Ukimaliza, mwite mtoto Glory ukipenda. Daftari litunze.