Dola 300 za mama zafungua biashara ya michezo ya simu

BIASHARA ya michezo ya kompyuta na simu huhesabiwa na wengi kuwa ni ya Marekani, Japani na China, ambako makampuni makubwa huzamisha mamilioni ya dola kabla ya kuuza hata nakala moja. Hata hivyo, mmoja wa wabunifu waliojipatia jina katika soko hilo alianzia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, kwa mtaji wa dola 300 za Marekani.

Mbunifu huyo ni Lual Mayen. Alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita kusini mwa Sudan, na aliishi kambini kwa miaka 22. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, katika kituo cha kuandikisha wakimbizi, akamweleza mama yake kuwa anaitaka. Mama huyo, aliyekuwa akishona nguo, aliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300, akamnunulia kompyuta mpakato.

Kambini hapakuwa na umeme. Ilimlazimu Mayen kutembea saa tatu kwenda kuchaji kompyuta hiyo na kupata intaneti. Alijifunza kutengeneza programu bila mwalimu. Mchezo uliomfumbua macho ni Grand Theft Auto: Vice City, ambao umejaa bunduki na wizi wa magari. Aliona kwamba kama mchezo unaweza kumzoesha kijana vita, basi waweza pia kumzoesha amani.

Bidhaa yenyewe

Matokeo yake ni mchezo uitwao Salaam, jina la Kiarabu lenye maana ya amani. Toleo la kwanza lilikuwa jepesi, nalo lilisambaa kambini kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, bila gharama ya intaneti. Mayen aliutangaza pia kwenye Facebook, na hapo ndipo wageni walipoanza kumtafuta. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha kampuni yake, Junub Games, mjini Washington. Desemba 2018 alitunukiwa heshima katika hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles.

Katika toleo jipya alilolionyesha mwaka huo, mchezaji ni mkimbizi anayekimbia kutoka kwenye vita kutafuta mahali pa amani. Hana bunduki. Nguvu zikimwishia lazima apate chakula, maji au dawa, na vitu hivyo huweza kununuliwa kwa fedha halisi. Mpango wa Mayen ni kwamba fedha hizo, kwa kupitia mashirika ya misaada, ziwanunulie wakimbizi wa kweli mahitaji yao.

Mayen amebuni pia mchezo wa ubaoni uitwao Wahda, yaani umoja. Huo hauhitaji umeme wala simu, sawa na bao na karata zetu.

Hesabu ya soko

Kwa mwenye mtaji, mpango wa Salaam una nguvu na una udhaifu. Nguvu yake ni kwamba mnunuzi hulipia kitu anachokielewa, na malipo yenyewe ni sehemu ya hadithi. Udhaifu wake ni kwamba wanaoijua hadithi hiyo zaidi, yaani wakimbizi, ndio wasio na fedha. Kwa hiyo wanunuzi ni lazima watafutwe mbali, na kuwatafuta kuna gharama.

Yapo pia makato. Kwa miaka mingi maduka ya Google na Apple yalikata asilimia 30 ya kila mauzo. Mwaka 2021 makampuni hayo yalishusha makato ya wabunifu wadogo hadi asilimia 15. Maana yake, kwa makato hayo madogo, dola moja ya mchezaji humfikia mbunifu ikiwa senti 85, na hapo bado hajalipa mafundi, matangazo na kodi. Anayeahidi kutoa sehemu ya mapato kwa wahitaji hana budi kuipiga hesabu hiyo mapema, la sivyo ahadi itakula mtaji.

Funzo kwa wenye mitaji midogo

Wafanyabiashara wa Morotonga na Mugumu wanaijua biashara hii kwa kibanda chenye televisheni ambamo vijana hulipia kucheza mpira. Mwenye kibanda hupata ujira wa mashine tu, ilhali mwenye mchezo huuza kitu kilekile mara elfu.

Iwapo kijana atakufuata akiomba mtaji wa kutengeneza mchezo, muulize mambo matatu. Je, mchezo utafanya kazi kwenye simu ya bei nafuu? Mteja atalipa kwa njia gani, hasa asiye na kadi ya benki bali ana M-Pesa, huduma iliyoingia Tanzania mwaka 2008? Na mwisho, haki ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, lakini mgawanyo wa faida kati yako na mbunifu ni juu yenu kuuandika kwenye mkataba kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.