Samaki wa Kioo na Usafi Unaoua

Wiki hii nimeona tuzungumze habari ya samaki, lakini si samaki wa kuliwa. Nazungumzia wale wadogo wa mapambo wanaofugwa ukumbini ndani ya tangi la kioo. Msikilizaji mmoja wa Wete ameniuliza swali ambalo nimelisikia pia Chake Chake na Mkoani. Anasema kila Ijumaa huliosha tangi lake likang'ara, na ikifika Jumapili samaki wanakufa. Jirani yake hajishughulishi sana, na samaki wake ni wazima. Je, pana siri gani?

Siri ipo, na wala si husuda. Maji yanayopendeza kwa jicho la binadamu si lazima yawe maji salama kwa samaki.

Samaki hula, hupumua na huchafua ndani ya maji yale yale. Uchafu wake ulio mbaya zaidi hauonekani. Huitwa amonia, na hutoka zaidi kupitia mashavu yake. Ni sumu inayoyaunguza mashavu hayo hayo. Baharini sumu hiyo hupotea kwa wingi wa maji, lakini ndani ya kioo cha lita 50 haina pa kwenda.

Wanaomwokoa samaki ni bakteria wa aina mbili wanaopokezana kazi. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahamilia ikiwa si nyingi. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, aliieleza kazi ya bakteria wa namna hii mwaka 1890, alipokuwa akichunguza udongo.

Wengi wa bakteria hawa hawaelei majini. Hujishikiza kwenye mawe, changarawe na sponji ya chujio. Sasa msikilizaji wetu akimwaga maji yote, akasugua changarawe kwa sabuni na kuisuuza sponji chini ya mfereji, huwa amewafukuza wafagizi wote wa nyumba kwa siku moja. Klorini iliyomo katika maji mapya huwamaliza waliobakia, na humuunguza samaki mashavu. Baada ya siku mbili amonia imejaa. Jirani yake asiyejishughulisha amewaacha wafagizi kazini, na samaki wake wanaishi.

Klorini yenyewe tusiilaumu. Visiwa vyetu vimeonja kipindupindu tangu miaka ya 1970, na dawa hiyo hulinda roho za watu. Kinachotakiwa ni kuyatenga maji ya samaki peke yake. Yateke ndani ya ndoo safi isiyotumika kwa sabuni, uyaache wazi siku nzima, na klorini ya kawaida itatoka hewani.

Usafi wenyewe basi ni huu. Kila wiki toa robo ya maji, si zaidi. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30 huchukua lita 54, kwa hiyo robo yake ni lita 13 na nusu. Hata ndoo ya lita 20 haijai. Tumia mpira mwembamba, uupitishe juu ya changarawe ili ufyonze kinyesi na mabaki ya chakula. Usiuvute kwa mdomo. Ujaze maji kwanza, uzibe ncha kwa kidole, kisha uachie. Kioo kifute kwa kitambaa kisichoguswa na sabuni. Sponji ya chujio ikiziba, ikamue ndani ya maji yale uliyoyatoa tangini. Maji hayo usiyatupe: naitreti iliyomo ni mbolea, na mchicha utakushukuru. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni, na mwenye kidonda mkononi asiutie ndani.

Chakula kiwe kidogo, kiishe kwa muda wa dakika mbili. Samaki aliyekufa mtoe mara moja. Wazee walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na humo ndani methali hiyo ni kweli tupu, kwa sababu mzoga huzalisha amonia. Anayeanza tangi jipya na aanze na samaki wawili watatu, maana bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujenga kikosi chao.

Lipo pia suala la joto na umeme. Maji ya nyuzi 30 hubeba hewa ya oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, kwa hivyo tangi lisikae penye jua, wala lisijazwe samaki. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipotufikia mwaka 2010, hali ya umeme Pemba si ile ya zamani, lakini kukatika hukatika. Pampu ikisimama, acha kulisha, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, yapate hewa.

Nimeliacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Dawa nyingi za mbu, zikiwamo zile za jamii ya pairethroidi, huua samaki hata zikiwa kidogo sana. Nimesikia kuwa wapo wanaomrejesha mlangoni mpulizaji kwa kuwahurumia samaki wao. Jamani, hapo tunakosea hesabu. Upulizaji wa majumbani, ulioanzishwa upya Visiwani mwaka 2006, pamoja na vyandarua na matibabu, umeiteremsha malaria ambayo ilikuwa ikizika watoto wetu. Samaki watiwe ndani ya ndoo, wahamishiwe nje kivulini, na pampu izimwe. Tangi lifunikwe vyema, na samaki warudishwe dawa ikishakauka na nyumba ikishapitiwa na hewa. Mtoto wa nyumba hawezi kuhamishiwa ndani ya ndoo.

Na ajabu ni kwamba katika mwambao wetu samaki wa nyumbani alikuwa askari wa vita hivyo hivyo. Katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, birika la chooni lilifugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika palijengewa bakuli la kauri kutoka China, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Wazee wale hawakujua jina la amonia, lakini walijua kuwa samaki hanyang'anywi maji yake yote.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Wete, Ijumaa ijayo toa robo tu, na sabuni iache jikoni. Tangi likiwa halina samaki, limwage kabisa, lisije likawa shamba la mbu. Hadi wiki ijayo, kwaherini.