Nyumbani ni Wapi? Juu ya Kunukuu Masimulizi ya Maisha Kibera na Kawangware

Wasifu na tawasifu si fani ngeni katika Kiswahili. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyeandika maisha yake mwenyewe, alifariki mwaka 1905. Shaaban Robert naye aliandika maisha yake, na pia wasifu wa Siti binti Saad. Lakini hao walikuwa watu wenye jina. Makala haya yahusu fani iliyo jirani: maisha ya mtu asiyejulikana nje ya mtaa wake, yasimuliwayo kwa mdomo na kunukuliwa na mwingine. Kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel juu ya wanawake watatu wa Mombasa, kilichochapishwa mwaka 1989, ni mfano mwema wa kazi hiyo.

Tuchukue neno moja tu: nyumbani. Msimulizi wa Kawangware aliyetoka Magharibi ya Kenya akisema "nikarudi nyumbani", kwa kawaida hakusudii chumba alichopanga. Akusudia boma la wazazi wake, ambako ndiko atarajiako kuzikwa. Vijana hupaita ushago. Mnubi wa Kibera akitamka neno lilo hilo, akusudia Kibera yenyewe. Wazee wake, askari wa Keya wenye asili ya Sudan, walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi ile ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Hata jina la mtaa latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Hana kwingine kwa kurudi, na makaburi ya watu wake yako papo hapo. Mnukuzi asiyeuliza maana ya neno hilo ataandika sentensi mbili zilizo sawa kwa maisha mawili yasiyofanana hata kidogo.

Hapo ndipo suala la lugha linapokuwa suala la haki. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyeomba kitambulisho alihojiwa kwanza mbele ya kamati: baba yako nani, babu yako nani, walifika lini? Wasifu wake ndio uliokuwa ushahidi wake. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi nchini Kenya walinyimwa haki zao za uraia. Na hati ya ardhi, ya ekari 288, ilitolewa kwa jumuiya yao mwaka 2017. Si ajabu, basi, kwamba mzee aliyezoea kuhojiwa huanza na jeshi na miaka, akamwacha mama yake, jirani zake na michezo ya utotoni. Ajibu swali la kamati hata kama mbele yake yumo mwanafunzi mwenye kinasa sauti. Ndiyo maana yafaa swali la mnukuzi liandikwe pamoja na jibu. Bila ya hilo msomaji hawezi kujua ukimya ule ni wa nani.

Jambo la pili ni kauli ya kutendwa. Masimulizi ya mitaa hii yamejaa vitenzi kama tulihamishwa, tulivunjiwa, tulifukuzwa, vikifuatana na -ka- ya masimulizi: "tukavunjiwa, tukajenga tena". Mtenda hatajwi. Mhariri apendaye Kiswahili sanifu hushawishika kumtaja, ili sentensi ikamilike. Lakini katika habari za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msimulizi huenda bado achota maji bomba moja na watu waliomfukuza. Akisema "tulifukuzwa" tu, amechagua. Mnukuzi akiongeza "na fulani", ameandika shtaka, na atakayelijibia mtaani si yeye. Sentensi iachwe ilivyo. Na pale ambapo msimulizi amemtaja mtu kwa jina, asomewe maandishi kwa sauti na aulizwe kabla ya kuchapwa.