Rimu za Aloi katika Barabara za Usambara: Ukarabati na Uchaguzi wa Rangi

Magari madogo yanayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mengi yakiwa ni Toyota zilizotumika Japani kabla ya kuingia Tanzania, mara nyingi huja na rimu za aloi, yaani rimu zilizosubiwa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, ambazo wauzaji wa vipuri huziita rimu za spoti ili kuzitofautisha na zile za chuma. Rangi ya rimu hizo ilichaguliwa kwa ajili ya lami safi ya miji ya Japani. Katika milima ya Usambara rimu hizo hukutana na kokoto, tope jekundu la masika, kingo za makalvati na miteremko inayodai breki muda wote, na baada ya miaka michache huanza kubambuka, kuota madoa meupe, kupinda kingo na mara nyingine kupasuka. Hapo mwenye gari hulazimika kupiga hesabu kama azikarabati, anunue mtumba mwingine Tanga au Gerezani jijini Dar es Salaam, au arudi kwenye chuma.

Aloi ya kawaida ya rimu ni alumini yenye silikoni ya takriban asilimia 7 na magnesi isiyofikia nusu ya asilimia 1. Silikoni huiwezesha alumini iliyoyeyuka kujaza kalibu vizuri, na magnesi hushirikiana na silikoni hiyo kuikaza rimu inapopikwa kiwandani, kazi inayofanywa kwa kuipasha hadi karibu nyuzi joto 540 za Selsiasi, kuizamisha majini ipoe ghafla, kisha kuirudisha kwenye joto la nyuzi 150 au zaidi kidogo kwa saa kadhaa. Teknolojia yenyewe ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani, kwani gari la mashindano la Bugatti Type 35 lilitoka Ufaransa mwaka 1924 likiwa na magurudumu ya alumini ya kusubu. La kuzingatia kwa biashara ya ukarabati ni kwamba moto wowote usiopimwa unaopita juu ya rimu baadaye, uwe wa kunyoosha, wa kuchomelea au wa kukaushia rangi, unaweza kuiharibu kazi hiyo ya kiwandani bila kuacha alama yoyote inayoonekana kwa macho.

Alumini haishiki kutu nyekundu, kwa sababu hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba unaoilinda, lakini utando huo hushindwa na chumvi, tindikali na sabuni zenye magadi makali. Barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni hupanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita takriban 33, na gari linaposhuka kwa kutegemea breki badala ya gia, pedi husagika na kutoa vumbi la moto lenye chembe za chuma, ambalo hugandamana na rimu za mbele na kuzitia weusi usiotoka kwa maji matupu. Kokoto inapoitoboa klia, yaani rangi angavu ya juu inayokinga rangi ya chini, unyevu hupenya na ulikaji husambaa chini yake kama nyuzi nyembamba, hata rangi inayoonekana nzima kumbe imekwisha kuachana na madini. Ndiyo maana kupuliza rangi mpya juu ya ya zamani, kazi ya nusu siku ambayo gereji nyingi huiuza kwa bei ya kuvutia, ni kufunika jeraha lisilosafishwa.

Katika miji midogo kama Lushoto, Soni na Mlalo, ukarabati wa rimu si fani inayosimama peke yake bali hugawanywa kati ya fundi pancha anayetoa tairi, fundi wa kuchomelea na fundi rangi wa bodi, kila mmoja akitoza kazi yake bila kuwajibika kwa ya mwenzake. Malori ya Fuso na Canter yanayoshusha kabichi, karoti na viazi kwenda Dar es Salaam hayamo katika soko hili, kwa kuwa kwa kawaida hutembelea chuma. Wateja ni wenye Noah za abiria, Probox, IST na magari ya watalii, ambao wengi hawajali mng'ao kama wanavyojali tairi lisipungue upepo. Hoja hiyo ya upepo ni ya msingi zaidi kuliko inavyochukuliwa, kwani tairi lisilo na tyubu hukaa kwenye ukingo wa ndani wa rimu, na ukingo huo ukiliwa, au ukijazwa rangi nene, upepo hutoka polepole na lawama humwangukia fundi pancha asiye na hatia.

Kazi iliyo kamili huanza kwa kutoa tairi na vipande vya risasi vya kusawazishia, kuosha mafuta, kisha kuiondoa rangi ya zamani hadi madini yaonekane. Njia nafuu ni msasa na jasho. Njia ya haraka ni dawa ya kubambua rangi au mchanga unaopulizwa kwa kompresa. Dawa na mchanga vyote vina gharama isiyoandikwa kwenye risiti, kwa maana vumbi la mchanga wenye silika huharibu mapafu pasipo tiba, na dawa yenye magadi ya sodiamu huila alumini yenyewe. Baada ya hapo mikwaruzo ya ukingoni hulainishwa au kuzibwa kwa puti ya alumini, hupakwa praima inayoshikana na madini, na ndipo suala la rangi ya mwisho linapokuja.

Rangi ya kwanza ni ile ya majimaji ya kupuliza, ambayo toleo lake bora huchanganywa na hadina, kemikali inayoifanya ikauke kwa kukaza badala ya kusubiri thina iruke tu. Mafundi rangi wa bodi wanaifahamu, vifaa vyake vinapatikana Lushoto au Tanga, na doa dogo hurekebishwa bila kuivua rimu rangi yote. Udhaifu wake mkubwa Usambara ni hali ya hewa: ukungu wa msitu wa Magamba na baridi ya Juni hadi Agosti huchelewesha ukaukaji, na unyevu ukinaswa ndani ya klia huigeuza kuwa nyeupe kama maziwa, kwa hiyo kazi inafaa kufanywa mchana wenye jua, ndani ya chumba kikavu. Mpulizaji naye hana budi kuvaa barakoa ya kuzuia kemikali, kwa kuwa aina nyingi za hadina husababisha pumu, na kitambaa puani hakizuii chochote.

Ya pili ni rangi ya unga, ambayo hupulizwa ikiwa kavu na yenye chaji ya umeme ili ing'ang'anie madini, kisha huokwa ndani ya tanuri kwa nyuzi joto 160 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20 hivi mpaka iyeyuke na kuwa ngozi moja. Hustahimili kokoto kuliko ile ya majimaji, haihitaji thina, na unga unaoanguka unaweza kukusanywa. Tatizo ni tanuri na umeme wa uhakika, vitu vinavyoipeleka kazi hii kwenye karakana za mijini zenye kupaka rangi milango na madirisha ya alumini, na safari ya rimu nne kwenda na kurudi huongeza nauli na siku za gari kukaa bila kazi. Aidha, fundi asiyepima joto akioka mara kwa mara kwa nyuzi zinazozidi kiwango, hupunguza ule ugumu uliopikwa kiwandani.

Rimu zilizokerezwa uso kwa mashine na kupakwa klia tupu, pamoja na zile za kromu, hazistahili kufikiriwa sana hapa. Kila kukereza hupunguza madini, hivyo hairuhusiki zaidi ya mara chache, na klia juu ya uso mtupu ndiyo inayoshindwa mapema zaidi na kokoto. Kromu nayo ikibambuka haina fundi wa karibu.

Kuhusu nyufa, msimamo wa watengenezaji wengi wa rimu ni kwamba rimu iliyopasuka isichomelewe, kwa sababu joto la kuchomelea kwa argoni, gesi inayotumika katika kuchomelea alumini, hulainisha eneo la kando ya kiungo. Katika mteremko wa Soni, wenye kona na magenge, msimamo huo si wa kujadiliwa. Rimu iliyopasuka kwenye mikono yake au kitovuni ni ya kuuzwa kwa kilo. Anayenunua mtumba mahali pake na aangalie herufi JWL, alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na alinganishe matundu ya nati, kwa kuwa Noah hutumia nati 5 kwenye duara la milimita 114.3 ilhali Probox hutumia 4 kwenye duara la milimita 100.

Kwa jumla ya hesabu hizi, gari linalotembea barabara za vumbi za Mtae au Bumbuli kila siku linafaidika zaidi na rimu za chuma, na lile linalokaa zaidi kwenye lami linatoshwa na rangi ya fedha ya majimaji yenye hadina, ambayo fundi wa karibu anaweza kuirudia. Mteja ahakikishe kwamba rangi haikuingia kwenye viti vya nati wala kwenye uso unaogusana na kitovu cha gari, kwani rangi hiyo husagika na nati kulegea. Nazo zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100, yaani takriban safari moja na nusu ya Lushoto na Mombo, kwenda na kurudi.