Msuluhishi Hufundwa

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilifanyia marekebisho Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 na kuyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua mashauri. Kabla ya hapo, baraza lilisikiliza mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3 na kutoa uamuzi: shamba ni la huyu, yule aondoke. Sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, linathibitisha kwa maandishi kwamba limeshindwa, na wahusika wanaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda huko hata bila uthibitisho huo. Muundo wa baraza haukuguswa: wajumbe ni wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Kilichoguswa ni kazi yenyewe, na hapo ndipo penye ugumu. Sheria inaweza kumvua mtu mamlaka ya kuhukumu kwa siku moja. Mazoea ya kuhukumu hayavuliwi kwa tangazo la serikali.

Mazoea hayo ndiyo yanayompa kazi mkufunzi wa usuluhishi, fani ambayo imekua kimyakimya Afrika Mashariki kwa sababu serikali zenyewe zimeihitaji. Mahakama za Tanzania ziliingiza usuluhishi katika mwenendo wa kesi za madai mwaka 1994, wakati wa Jaji Mkuu Francis Nyalali, kama njia ya kupunguza mlundikano wa mashauri. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanza kazi mwaka 2007, hupokea migogoro ya kazini, na msuluhishi wake ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha mwajiri na mfanyakazi kabla suala halijapelekwa kwa mwamuzi. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 159 inaziagiza mahakama kuendeleza upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Mwaka 2016 mahakama za Milimani, Nairobi, zilianza kwa majaribio kupeleka kesi za familia na za biashara kwa wasuluhishi. Mfumo wa namna hii unahitaji watu wa kuuendesha, na watu hao lazima watoke mahali fulani. Hoja yangu ni kwamba ubora wa usuluhishi wetu utategemea zaidi namna watu hao wanavyofundwa kuliko namna sheria zinavyoandikwa, na kwamba jambo kubwa wanalopaswa kufundwa ni kujizuia.

Somo lenyewe huonekana jepesi likisomwa kwenye karatasi. Msuluhishi hufungua kikao kwa kueleza kwamba yeye si hakimu, kwamba yatakayosemwa ni siri, na kwamba hakuna atakayelazimishwa kukubali lolote. Kila upande huzungumza bila kukatizwa. Yeye hurudia kwa maneno yake alichosikia, ili msemaji athibitishe au asahihishe. Huorodhesha mambo yanayobishaniwa, huuliza maswali, huzungumza na kila upande faraghani inapobidi, na mwishowe huandika makubaliano yanayotaja nani atafanya nini na lini. Haya mtu anaweza kuyakariri kwa asubuhi moja. Kazi huanza anapowekwa mbele ya washiriki wenzake wawili wanaoigiza mume na mke, au mwenye nyumba na mpangaji, na mmoja akapiga meza. Hata hajamaliza kumsikiliza wa kwanza, moyoni ameshajua mkosaji ni nani. Kisha anauliza swali ambalo kwa kweli ni hukumu: “Sasa wewe mama, huoni kwamba hapo ulimkosea mwenzako?” Mkufunzi anayeijua kazi yake husimamisha igizo palepale. Hatoi mhadhara. Anamgeukia aliyeigiza mama na kumuuliza swali lile lilimfanya ajisikieje. Akijibu kwamba tangu hapo hakuona sababu ya kueleza zaidi, darasa zima limepata somo ambalo kitabu kisingelitoa.

Kujizuia huku kuna sababu inayotokana na hali ya kazi yenyewe. Nyuma ya hakimu kuna dalali wa mahakama, polisi na gereza. Hukumu yake hutekelezwa hata kama aliyeshindwa ameinunia. Msuluhishi hana kitu cha namna hiyo. Yapo makubaliano yanayosajiliwa mahakamani na kupata nguvu ya hukumu, lakini hata hayo huanza kwa watu wawili kukubali kwa hiari yao, na watu hawashiki kwa muda mrefu neno walilotiwa mdomoni na mtu wa tatu. Jirani aliyeng’oa alama ya mpaka kwa sababu aliona baraza limempendelea mwenzake ataing’oa tena usiku unaofuata. Aliyeamua mwenyewe pale mpaka ulipopita ana sababu ya kuulinda.

Wakufunzi wana nyenzo za kumsaidia msuluhishi afike hapo, na mojawapo huitwa kitunguu. Ganda la nje ni msimamo ambao mtu anautangaza hadharani. La ndani yake ni maslahi anayoyatafuta. Kiini ni hitaji ambalo hawezi kuishi bila kulipata. Tuseme wakulima wawili wanagombania ukanda wa ardhi kando ya mwembe. Msimamo wa kila mmoja ni kwamba ukanda ule ni wake. Maswali ya subira yanaweza kuonyesha kwamba mmoja anataka njia ya kupitisha ng’ombe kwenda mtoni, na mwingine anaogopa wanawe wasije wakanyang’anywa urithi yeye akishafariki. Mambo hayo mawili yanaweza kutimizwa pamoja: njia ikaachwa na umiliki ukaandikwa. Baraza linalouliza tu “ni wa nani?” halitaifikia suluhu hiyo kamwe, kwa kuwa swali lake lina majibu mawili tu.

Kitunguu kimo katika kitabu cha mafunzo kilichotoka mwaka 2000, ambacho mmoja wa waandishi wake ni Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Historia yake inafaa kutazamwa kwa makini, kwani inaonyesha ujuzi huu unavyozaliwa. Mapema miaka ya 1990, ukame na vita vya koo viliiumiza Wajir hadi wanawake wa koo tofauti wakawa hawauziani bidhaa sokoni. Dekha na wenzake walianzia pale sokoni, wakahakikisha kila mwanamke ananunua na kuuza bila kuulizwa ukoo. Kisha wakawaendea wazee. Hawakuanza na wale wa koo zenye nguvu zaidi. Walianza na mzee wa ukoo mdogo, ambaye hakuna aliyemhofia, naye akawa msemaji wao. Mwaka 1993 wazee wa koo walitia saini Azimio la Al Fatah, na baadaye ikaundwa kamati ya amani iliyowajumuisha wazee, wanawake, vijana na maofisa wa serikali. Dekha hakuishia hapo. Alikuwa mkufunzi, akafundisha utatuzi wa migogoro katika nchi nyingi, na mwaka 2007 akatunukiwa Tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011. Uamuzi wa kuanza na ukoo mdogo ungeweza kubaki kuwa busara ya wanawake wachache wa mji mmoja. Kwa sababu walikuwapo watu walioueleza na kuufundisha, leo ni mbinu ambayo msuluhishi wa mahali popote anaweza kuijaribu.

Ufundi wa aina hiyo unaonekana hata katika vikao vya wakubwa, ambako ni rahisi kudhani kwamba kilichofanya kazi ni heshima ya mtu tu. Kofi Annan alifika Nairobi Januari 2008, akiwa na Benjamin Mkapa na Graça Machel, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi ambayo yaliua watu zaidi ya 1,000. Alizipanga ajenda kwa utaratibu: kwanza kukomesha ghasia, pili kuwasaidia waliofukuzwa makwao, tatu mgogoro wa kisiasa, na nne masuala ya muda mrefu kama ardhi na katiba. Yale ambayo pande zote zingeweza kuyakubali yalitangulia, ili zizoee kukubaliana kabla ya kulifikia lililo gumu. Mnada wa matamko kwa waandishi wa habari ulipoanza kuharibu mambo, aliwahamishia wajumbe Kilaguni, ndani ya mbuga ya Tsavo. Wajumbe walipokwama, alisimamisha vikao vyao na kuwaendea mahasimu wenyewe, Mwai Kibaki na Raila Odinga, na tarehe 28 Februari wakatia saini makubaliano. Mpangilio wa mada, faragha, na kumfikia mwenye uwezo wa kuamua: yote matatu yanafundishika, na yote matatu yanamfaa mjumbe wa baraza la kata kama yalivyomfaa Annan.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walisuluhisha karne nyingi bila cheti, na kwamba mafunzo haya ni ya kigeni. Hoja hiyo ina ukweli, ila inasahau namna wazee walivyopata ujuzi wao. Mzee hakuamka siku moja akakaa kitini. Alikaa pembeni ya baraza miaka mingi akisikiliza, akatumwa kupeleka ujumbe, akaona mwenzake anavyonyamaza kwa makusudi, akapewa kesi ndogo kabla ya kubwa. Hayo yalikuwa mafunzo, tena marefu kuliko semina yoyote. Aidha, alikuwa akiwajua wahusika, baba zao na madeni ya ukoo. Msuluhishi wa Dar es Salaam au Nairobi anakutana na watu asiowajua, wa makabila na dini tofauti, ambao wakitoka mlangoni huenda wasionane tena. Alichopungukiwa katika kuwajua watu lazima akifidie kwa utaratibu. Rwanda imeliona hilo: wajumbe wa kamati za usuluhishi za Abunzi huchaguliwa na wananchi wenzao kwa uadilifu wao, na bado hupewa mafunzo, kwa sababu mtu kuaminiwa na jirani zake hakumaanishi kwamba anajua kuendesha kikao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Usuluhishi unaweza kuwa pazia la kuficha uonevu. Kaskazini mashariki mwa Kenya, mfumo wa maslaha umelalamikiwa na watetezi wa haki za wanawake kwa kumaliza kesi za ubakaji kwa fidia inayokubaliwa na wazee, bila binti aliyeumizwa kuulizwa neno. Palipo na mwenye nguvu na mnyonge, neno “tukubaliane” linaweza kumaanisha “nyamaza”. Sikubaliani, hata hivyo, kwamba dawa yake ni kuacha usuluhishi. Kosa la jinai la namna ile ni la dola kushitaki, na Katiba ya Kenya, katika ibara hiyohiyo ya 159, inakataza njia za jadi kutumiwa kinyume na haki za msingi. Lakini ibara haikai kikaoni. Anayekaa kikaoni ni msuluhishi. Ndiyo maana sehemu ya lazima ya mafunzo ni kujua wakati wa kusimama: kutambua hofu katika majibu mafupi ya mwanamke, kumwona akiwa peke yake kabla ya kikao cha pamoja, na kusema wazi kwamba shauri hili si la kusuluhishwa, liende polisi. Kujizuia kuhukumu hakumwondolei msuluhishi wajibu wa kukataa. Mkufunzi anayefundisha kupatanisha bila kufundisha kukataa ameacha nusu ya kazi, tena nusu yenye hatari.

Pingamizi la tatu linawahusu wakufunzi wenyewe: kwamba fani imegeuka biashara ya semina, posho na vyeti vya kutundika ukutani. Hapa wakosoaji wana haki. Kenya huwataka wanaoomba kuidhinishwa kuwa wasuluhishi wa mahakama wawe na mafunzo ya angalau saa 40. Hiyo ni wiki moja ya kazi. Saa 40 zinatosha kumwonyesha mtu kwamba ana mazoea ya kuhukumu; hazitoshi kumwondolea mazoea hayo, kama yeyote aliyejaribu kuacha tabia ya miaka 20 anavyojua. Zaidi ya hapo, igizo la darasani lina kikomo chake: mshiriki anayejifanya amefukuzwa kazi anajua kwamba saa kumi watakunywa chai pamoja. Mfanyakazi halisi aliye mbele ya Tume hana kodi ya nyumba.

Kasoro hiyo inadai ukufunzi mrefu zaidi, wenye umbo la ule wa wazee. Baada ya darasa, msuluhishi mpya angekaa vikao kadhaa kama mtazamaji, kisha angesuluhisha pamoja na mzoefu, kisha peke yake huku mkufunzi akiwa nyuma ya chumba, na kila kikao kingefuatwa na mazungumzo ya wawili hao kuhusu kilichofanyika na kwa nini. Kipimo cha mkufunzi kingebadilika pia. Idadi ya waliopewa vyeti haituambii lolote. Tungeuliza ni makubaliano mangapi ya wanafunzi wake bado yanaheshimiwa baada ya miezi sita, na ni mashauri mangapi waliyoyakataa kwa sababu hayakufaa kusuluhishwa. Gharama ipo, bila shaka, lakini mgogoro wa ardhi unaopanda kutoka kata hadi wilaya hadi Mahakama Kuu una gharama yake pia, na anayeilipa mara nyingi ni mkulima anayeuza mbuzi apate nauli.

Kwa mabaraza ya kata, jambo hili lina haraka yake. Wajumbe wamepewa siku 30 na kazi ambayo ni kinyume cha ile waliyoizoea. Wakiachwa hivyo, baadhi wataendelea kuhukumu huku wakiita hukumu yao suluhu, na wengine watakaa tu wakisubiri siku ziishe ili watu waende wilayani. Katika hali zote mbili mwananchi atakuwa ameongezewa mlango mmoja zaidi wa kubisha bila kufunguliwa. Halmashauri inayotenga fedha kwa ajili ya viti na karatasi za baraza, bila fungu la mtu wa kukaa na wajumbe hao mwaka mzima na kuwasahihisha kikao kwa kikao, bado haijaanza kuitekeleza sheria ya 2021.